Fundi kalipwa robo tatu ya hela na boma bado liko kwenye linta: uchambuzi wa kisa kimoja cha ujenzi

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenye nyumba na ya fundi mwenyewe, wote wawili niliwasomea kwanza wakakubali. Majina nimeyatoa, mtaa nimeutoa, na vitu vidogo ambavyo jirani angevitambua nimevibadilisha. Hesabu za hela nimeziacha kama zilivyo maana bila hizo hesabu hakuna cha kujifunza hapa. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, niliitwa saiti ugomvi ukiwa umeshawaka, kwa hiyo sehemu ya mwanzo naieleza kutokana na walichoniambia pande zote mbili, pamoja na meseji na miamala ya simu ambayo tulikaa tukaipitia mmoja mmoja.

Mazingira

Mwenye nyumba ni dada mmoja, nesi, anafanya kazi Mbeya. Kiwanja chake kiko upande wa Kibaha, mita 20 kwa 25, kimepimwa. Alitaka nyumba ya kawaida tu, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko na choo cha wageni. Kwenye mambo ya karatasi dada huyu alijitahidi kuliko watu wengi ninaokutana nao: ramani alichorewa na mtu wa taaluma, mpaka mchoro wa nondo upo, na kibali cha ujenzi alichukua halmashauri kabla ya kuchimba hata shimo moja.

Fundi alielekezwa na mfanyakazi mwenzake. Mtu mzima, zaidi ya miaka 20 kwenye kazi, na dada alisafiri kwenda kuona nyumba mbili alizojenga akaridhika nazo. Huyu ni fundi wa mtaani, sio mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na silisemi hilo kama kosa maana nyumba nyingi sana za watu wa kawaida zimejengwa na mafundi wa namna hii, ila maana yake ni kwamba kinga yako kubwa ni yale makubaliano mliyoandikishana.

Sasa makubaliano yenyewe yalikuwa nusu ukurasa wa daftari la shule. Vifaa vyote juu ya mwenye nyumba, ufundi 4,500,000 kuanzia kuchimba msingi mpaka kupaua, advansi 1,500,000, halafu mstari wa mwisho unasema "nyingine kadri kazi inavyoendelea". Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyozaa kesi nzima.

Msimamizi alikuwa mdogo wake dada, kijana wa chuo anayeishi karibu. Kazi yake kununua vifaa, kuvitunza, na kutuma picha WhatsApp kila jioni.

Mambo yalivyoenda

Walianza Agosti mwaka juzi, hesabu ikiwa paa liwe juu kabla vuli haijakolea. Msingi ulienda vizuri, na hata mimi nilipokuja kuukagua baadae sikuona la kusema. Tatizo la kwanza lilitokea kwenye jamvi, yaani ile sakafu ya zege juu ya msingi. Zege limemwagwa Jumamosi, jua kali, na kuanzia Jumapili hakuna aliyemwagilia maji. Siku ya nne mipasuko myembamba kama nywele ikaanza kuonekana sebuleni na chumba cha masta. Kijana akapiga picha akatuma, dada kule Mbeya akaona nyumba imepasuka kabla haijasimama, usiku huo hakulala.

Akampigia fundi, fundi akamwambia mama maji yenyewe yako wapi, boza lililoletwa limeishia kwenye kuchanganyia zege. Kijana akasema yeye alijua maji ya kumwagilia ni juu ya fundi. Fundi alijua ni juu ya kijana. Kila mmoja alikuwa anasema ukweli wake, hiyo kazi haikuwa na mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo dada akapiga simu akasema, fundi naomba baraza ya mbele tuiongeze, nataka iwe ya kukaa watu, tutaelewana. Fundi akajibu haina shida mama. Akachimba, akaongeza msingi na nguzo mbili. Siku kumi baadae ikaja simu nyingine, mlango wa jiko uhamishwe utokee upande wa pili, na ukuta ulikuwa umeshafika kozi ya sita, yaani safu ya sita ya tofali. Fundi akabomoa akajenga upya. Bei haikutajwa hata mara moja, sio na dada wala na fundi.

Huku hela inatembea. Nilihesabu miamala 11 baada ya advansi, jumla 1,950,000. Nikasoma na meseji zilizotangulia kila muamala. Mama naomba 200 vijana wamekwama. Mama mtoto karudishwa shule ada. Mama nitumie 150 leo kesho nashusha kozi mbili. Dada alikuwa anatuma karibu kila alipoombwa, moja kwa huruma na moja kwa kuogopa kwamba akikataa kazi itasimama. Hakuna muamala hata mmoja kati ya hiyo 11 uliotumwa kwa sababu hatua fulani imekamilika.

Halafu tofali zikaisha. Kijana alikuwa amenunua kwa muuzaji wa bei rahisi, zikavunjika nyingi wakati wa kushusha na kujenga, mahesabu yakapungua, na hela ya kuongeza ilikuwa imeshaliwa na ile baraza. Saiti ikakaa siku 9 bila kazi. Fundi akahamisha vijana kwenye saiti yake nyingine, na tofali zilipoletwa akarudi na nusu yao. Dada anapiga simu haipokelewi, mwishowe akaandika meseji ndefu, na ndani yake kuna neno "mwizi". Kuanzia hapo fundi akawa anaongea na kijana tu, simu ya dada hapokei kabisa.

Kijana alitaka kwenda polisi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akawashauri watafute kwanza mtu anayejua ujenzi aje apime kazi iliyofanyika, ndio nikaitwa.

Nilichokikuta saiti

Nilifika asubuhi, mbao za linta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, zimeshafungwa na nondo zimeshalazwa, zege lilikuwa limwagwe kesho yake. Nikapanda juu na futi ya kupimia. Mchoro unasema ringi za mm 8, vile vyuma vinavyokunjwa kuzunguka nondo ndefu, zikae kila sentimita 20. Nikapima ya kwanza 32, inayofuata 35, nyingine 31, juu ya dirisha la sebule nikakuta 40. Nondo za chini zimelala moja kwa moja kwenye ubao. Nikajaribu kupitisha kidole chini ya nondo, hakikupita. Zege likimwagwa hivyo nondo inabaki nje inaonekana, unyevu unaifikia, inaanza kula kutu kidogo kidogo mpaka siku moja zege la chini linabanduka.

Nikamuuliza fundi kwa utaratibu, mzee hizi ringi mbona ziko mbali hivi? Akanijibu, "Injinia, nondo za mm 8 nimeagiza 20, zimekuja 12. Nikamwambia kijana, akasema hela hamna. Na mama anataka picha ya linta kesho. Ningefanyaje?"

Nikapiga hesabu pale pale. Mzunguko wa linta zote ni kama mita 80, ringi kila sentimita 20 zinatoka 400, kila moja inakula kama sentimita 60 za nondo, jumla mita 240, na nondo moja ina mita 12. Zinatoka nondo 20 kamili. Kwa nondo 12 unapata ringi 240, ukizitandaza kwenye mita 80 ndio unaangukia kwenye 33 hivi. Yaani fundi alipiga mahesabu sawa, akaagiza sawa, na alipokosa akaamua kutawanya alichonacho akanyamaza. Kosa lake liko kwenye kunyamaza.

Tofali zilizobaki nilichukua tatu nikaziangusha kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, mbili zikapasuka.

Kikao na maamuzi

Uamuzi wa kwanza haukusubiri kikao, zege lilisimamishwa. Nondo 8 zikanunuliwa, ringi zikapangwa upya, na fundi akatengeneza vipande vidogo vya zege vya unene wa sentimita 2.5 vya kuinulia nondo zisiguse ubao. Siku tatu zilipotea hapo na hakuna aliyezilalamikia.

Kikao kilikaa Jumamosi. Dada aliomba ruhusa kazini akapanda basi akaja. Tulikuwa yeye, mdogo wake, fundi, mjumbe na mimi. Nilitegemea fundi ataanza na hela. Akasema, mama mimi nina watoto wakubwa kuliko huyu kijana, hilo neno ulilonitumia kwenye simu mke wangu amelisoma. Dada akanyamaza kidogo akasema, "Fundi naomba unisamehe kwa lile neno, nilikuwa na hasira." Kuanzia pale ndio tukaweza kuongea. Natamani wenye nyumba wajue hili, fundi mtu mzima ukishamvunjia heshima hata ukimlipa kazi yako ataifanya kwa mkono wa kushoto.

Tukazunguka nyumba nzima pamoja, ramani mkononi, tukaigawa kazi yote ya 4,500,000 kwenye hatua nne na kila hatua wakakubaliana thamani yake. Msingi hadi jamvi 1,300,000. Boma mpaka usawa wa linta 900,000. Linta na kozi za juu 800,000. Kupaua 1,500,000. Kazi iliyokwisha ilikuwa hatua mbili za kwanza, 2,200,000. Aliyopokea fundi ni 3,450,000. Kwa maana hiyo alikuwa mbele kwa 1,250,000.

Kijana akataka kusimama, nikamwambia subiri upande wa pili haujahesabiwa. Baraza, baada ya kuvutana, ikakubaliwa 250,000. Kubomoa na kujenga upya ukuta wa jiko 80,000. Zile siku 9, fundi alikiri vijana walikaa bure siku tatu tu kabla hajawahamisha, vijana wanne kwa 15,000 kwa siku, ni 180,000. Jumla 510,000 ambayo mwenye nyumba alikuwa anadaiwa bila kujua. Pengo likashuka mpaka 740,000.

Na fundi akasema mwenyewe bila kubanwa kwamba kama 600,000 ya hela ya dada ilienda kulipa vijana wa saiti nyingine, kwa sababu mwenye saiti ile naye hajamlipa. Huu mnyororo ni wa kawaida sana kwa mafundi wetu, hela ya nyumba yako inamalizia deni la nyumba ya mwingine, na siku mmoja akichelewa wote mnasimama.

Je afukuzwe? Dada aliniuliza hivyo waziwazi. Nilimshauri asimfukuze na sababu nilizompa ni hizi. Kazi iliyobaki ina thamani ya 2,300,000 na hela iliyobaki kwenye makubaliano ni 1,050,000, fundi mpya hawezi kufidia hilo pengo na mara nyingi anaongeza bei kwa sababu anaingia kwenye kazi ya mwenzake. Vuli ilikuwa inagonga mlango. Kwenda kushtaki inawezekana, Sheria ya Mikataba Sura ya 345 inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini uthibitishe nini wakati karatasi yako mwenyewe inasema "kadri kazi inavyoendelea"? Na la mwisho, msingi wake ulikuwa mzuri, kuta zimekaa kwenye timazi, mikono anayo.

Makubaliano mapya yakawa hivi. Hatua ya linta na kozi za juu dada hatoi 800,000, anatoa 300,000 tu za posho ya vijana, kwa hiyo deni linapungua 500,000. Zile 240,000 zilizobaki zinakatwa kwenye kupaua, badala ya 1,500,000 fundi anapata 1,260,000, na ndani yake 150,000 inazuiwa mpaka mvua kubwa ya kwanza inyeshe tuone. Mabadiliko yoyote ya ramani yanaandikwa na bei na siku zitakazoongezeka kabla chepe halijagusa ardhi. Oda ya vifaa fundi anaitoa wiki moja kabla, kwa maandishi, na kikipungua kitu anasema, kazi hiyo haifungwi mpaka kifike. Maji ya kumwagilia ni boza la mwenye nyumba, na mwagiliaji ni kijana mmoja wa fundi mwenye jina, asubuhi na jioni, siku 7. Picha inayotumwa Mbeya lazima futi ionekane ndani. Yote hayo kwenye daftari moja linalokaa saiti, fundi na kijana wanasaini kila Jumamosi.

Matokeo

Linta ilimwagwa nikiwepo. Tulipima kwa ndoo za lita 20 na sio kwa makoleo ya kukadiria, mfuko mmoja wa saruji ambao ni kama ndoo moja na robo tatu, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, ndio ile moja kwa mbili kwa nne ambayo kila fundi anaitaja lakini saiti nyingi haifuatwi. Maji ya kumwagilia yalipatikana siku zote saba na linta haikupasuka.

Paa lilikamilika mwisho wa Novemba, wiki tano nje ya mpango, mvua ikiwa imeshaanza. Hela yote ya ufundi ilifika 5,010,000, yaani ile 4,500,000 ya mwanzo na 510,000 za nyongeza, hakuna aliyemdhulumu mwenzake hata shilingi. Mvua kubwa ya kwanza ikavuja kwenye bonde la paa juu ya korido. Kijana akapiga simu, fundi akaja siku ya pili yake akafungua bati akarudishia vizuri, ikanyesha tena hakuna tone, akalipwa 150,000 yake siku hiyo hiyo jioni. Mipasuko ya jamvi bado ipo, sio ya hatari, itazibwa kabla ya kuweka tailizi na gharama ni ya dada.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki wanauliza nani alikuwa na makosa. Mimi naona kosa kubwa lilikuwa ni namna hela ilivyotembea. Hela ilikuwa inafuata shida ya fundi badala ya kufuata hatua ya kazi. Leo ada, kesho vijana, keshokutwa nauli, na kila ombi peke yake linaeleweka kabisa, binadamu gani atamnyima mwenzake ada ya mtoto, ila ukijumlisha unakuta robo tatu ya hela imeondoka na kazi haijafika nusu. Fundi naye akishapokea hela ya mbele nguvu ya kuja saiti kwako inapungua, sio kwa sababu ni mbaya, ni kwamba kwako hana tena cha kudai na kule kwingine ana deni la vijana. Ukigawa hatua tangu siku ya kwanza unamlinda hata yeye, kwa sababu anajua akimaliza hatua hela yake ipo, haombi, anadai.

Dada alikagua nyumba mbili kabla hajampa fundi kazi na hilo nalisifu kabisa. Lakini aliangalia kuta tu. Wale wenye nyumba hakuwauliza hela ilienda vipi, fundi alikuwa anaomba mara ngapi, kitu kikipungua alisema au alinyamaza. Hayo ukuta haukuambii.

Neno "tutaelewana" lilifeli mara mbili. Mwenye nyumba akilisema anasikia kama ni jambo dogo, fundi akilisikia anaelewa kuna hela inakuja. Mtu wa mbali ndio kabisa asilitumie, maana hayupo kuona kwamba "baraza kidogo" ni msingi mpya na nguzo mbili, na kwamba hiyo baraza itakuja kula hela ya tofali na nondo za linta. Ukitazama vizuri ringi za sentimita 40 zilianzia kwenye ile simu ya baraza.

Picha za kila jioni zilimpa dada amani ya uongo. Ukuta kwenye picha unapendeza, ila ringi haihesabiki, zege halionyeshi kama limemwagiliwa. Ile ya kuweka futi ndani ya picha ilisaidia kwa kiasi, lakini kwa linta, ringi bimu (mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta) na jamvi mimi nashikilia kwamba mtu mwenye ujuzi aje aangalie kwa macho kabla zege halijamwagwa. Ni ziara tatu au nne tu kwenye nyumba kama hii.

Kuna jambo langu pia lililofeli. Nilishauri ile 300,000 ya posho za vijana aigawe mdogo wake dada moja kwa moja, nikiamini itazuia hela kwenda saiti nyingine. Wiki ya pili vijana wakaanza kumsikiliza yule kijana kuliko fundi, mmoja akakataa kuvunja tofali mbovu alizoambiwa na fundi azitoe. Tukabadilisha, hela ikawa inapita mkononi kwa fundi na kijana yupo anashuhudia, vijana wanasaini. Mamlaka ya fundi juu ya watu wake ikarudi.

Zile siku 9 za kusubiri tofali sijapata dawa yake kamili. Kununua vifaa vyote mapema kunataka hela nyingi kwa mkupuo na stoo ya kulinda, na mtumishi anayejenga kwa mshahara hana hivyo vyote viwili. Walichofanya baadae ni kusimamisha kazi kwa makubaliano, fundi anaambiwa mapema kwamba kuanzia tarehe fulani hakuna vifaa, aende akafanye kazi nyingine kwa amani, na tarehe ya kurudi inaandikwa.

Sasa hivi wako kwenye plasta. Makubaliano safari hii ameyaandika fundi mwenyewe, chumba kwa chumba, hela baada ya chumba kuisha, na mstari wa kwanza kabisa ni maji: boza la mwenye nyumba, kumwagilia asubuhi na jioni, na jina la kijana mmoja pembeni yake.